Mchina Aliyeanguka na Zile Dola 500,000 za Kampala

Tuanze na jina ambalo wengi wenu hamjawahi kulisikia: Ye Jianming. Si mwigizaji, si mwanamuziki, wala si mchezaji wa mpira, ingawa kuna wakati timu nzima ya mpira ilikuwa mikononi mwa kampuni yake. Hiyo tutaifikia. Huyu ni jamaa aliyezaliwa 1977 kule Fujian, mkoa wa pwani wa China, na kabla hajafika miaka 40 alikuwa anaendesha kampuni ya mafuta yenye mauzo ya mabilioni ya dola kwa mwaka. Jarida la Fortune lilipotoa orodha yake ya watu 40 wenye nguvu walio chini ya miaka 40, mwaka wa 2016, yeye alikuwa nambari 2. Nambari mbili, wasee. Mwanzo wa 2018 serikali yake ikamchukua, na tangu siku hiyo hajaonekana tena hadharani.

Najua mitandao imejaa video za matajiri wa Kichina, zile za muziki wa huzuni na sauti nzito, eti alianza na sifuri. Hii si ya aina hiyo. Hii ina mguu mmoja Kampala, na nikiisimulia maskani hapa Tarasaa watu huniambia napiga porojo. Basi naiandika, tena polepole, manake mengi yake yalisemwa kwa kiapo katika mahakama ya New York na karatasi zake zipo.

Kampuni ya Ye iliitwa CEFC China Energy. Lisikilize hilo jina. Ukilisikia unaona serikali, unaona bendera nyekundu, unaona waziri akikata utepe. Kumbe ilikuwa kampuni ya mtu binafsi. Ye aliijenga kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, na kwa muda mrefu watu wa nje walibaki wakijiuliza ni nani hasa aliyesimama nyuma yake. Aliwahi kushika cheo katika jumuiya moja ya urafiki wa kimataifa ambayo wachunguzi wengi huihusisha na jeshi la China. Hiyo ikatosha. Wenye benki wakanong'onezana kwamba huyu kijana ana watu. Watu gani? Haikuulizwa sana. Mtu mwenye watu huwa haulizwi.

Huku kwetu tunamjua mtu wa namna hiyo. Akifika Garsen na magari mawili makubwa, amekaa kiti cha nyuma bega kwa bega na mheshimiwa, hakuna atakayemwambia atoe karatasi. Karatasi yake ni yule aliyekaa naye. Ye alifanya mchezo huohuo, ila wake ulikuwa wa dunia nzima. Pale Beijing alionyesha kwamba anajulikana na marais wa nje, na kwa hao marais wa nje alionyesha kwamba anajulikana Beijing. Kila upande uliamini kwa sababu ya upande wa pili.

Na ulifanya kazi. Benki ya serikali, China Development Bank, ilimpa mikopo. 2017 CEFC ilikuwa nambari 222 kwenye orodha ya kampuni 500 kubwa zaidi duniani. Kule Prague, rais wa Cheki wa wakati huo, Miloš Zeman, alimteua Ye kuwa mshauri wake mwaka wa 2015. Mfanyabiashara wa nje, mshauri wa rais! Kampuni ikanunua kiwanda cha bia, ikanunua hisa kwenye shirika la ndege na kwenye vyombo vya habari, na ikanunua Slavia Praha, ile timu iliyokutana na Arsenal robo fainali ya Ligi ya Europa 2021. Walipokutana na Arsenal, Ye alikuwa ameshatoweka miaka mitatu na timu ilikuwa imeshapata mwenyewe mwingine.

Septemba 2017 ndio alifika kileleni. CEFC ilikubaliana kununua asilimia 14.16 ya Rosneft, kampuni kubwa ya mafuta ya serikali ya Urusi, kwa dola bilioni 9.1. Kwa hesabu ya haraka, hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya bajeti nzima ya serikali ya Kenya ya mwaka ule. Mtu mmoja wa miaka 40.

Miezi miwili baadaye, Novemba, polisi wa Marekani walimkamata mzee mmoja New York. Hapo ndipo uzi ulipoanza kufumuka.

Mzee huyo ni Patrick Ho. Nampenda kama mhusika wa hadithi, simpendi kwa mengine. Alikuwa daktari wa macho. Kati ya 2002 na 2007 alikuwa waziri katika serikali ya Hong Kong. Baadaye akawa mkuu wa shirika lisilo la kiserikali lililolipiwa gharama na CEFC, shirika lenye kibali rasmi cha kushiriki vikao vya Umoja wa Mataifa. Yaani kazi yake mchana ilikuwa makongamano: nishati safi, maendeleo, amani, picha ya pamoja, chai. Chini ya meza, kwa mujibu wa mashtaka, alikuwa anamtafutia Ye mafuta Afrika.

Stori ya Chad kwanza, manake ni kama filamu. Desemba 2014, ujumbe wa CEFC ulikwenda kwa Rais Idriss Déby ukiwa na dola milioni 2 taslimu zilizofichwa ndani ya masanduku ya zawadi. Masanduku ya zawadi, kama ya harusi. Shahidi mkuu alikuwa Cheikh Gadio, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Senegal, ambaye naye alikamatwa mwanzo kisha mashtaka dhidi yake yakaondolewa akatoa ushahidi. Alieleza kwamba Déby alikasirika. Pesa zilipokataliwa, Ho akaandika barua kusema zilikuwa mchango kwa ajili ya wananchi wa Chad. Mchango. Lishikeni hilo neno.

Sasa Kampala. Sam Kutesa alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uganda. Kuanzia Septemba 2014 hadi Septemba 2015 alikuwa pia Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, cheo ambacho Afrika Mashariki nzima tulijivunia. Ho alimzoea kule New York wakati wa cheo hicho. Muhula ukaisha, Kutesa akarudi nyumbani na wizara yake ikimsubiri. Mei 2016, dola 500,000 zikatumwa kutoka Hong Kong hadi akaunti Uganda iliyoteuliwa na Kutesa. Zilipewa jina gani? Mchango kwa taasisi ya hisani.

Kuna kipande kingine hapo ambacho nilikisoma mara mbili. Waendesha mashtaka walionyesha kwamba Ho alimshauri bosi wake apeleke dola 500,000 nyingine, taslimu, kwa Rais Museveni, ziitwe mchango wa kampeni. Uchaguzi wa Uganda ulikuwa umeshafanyika Februari 2016 na Museveni ameshatangazwa mshindi! Unachangiaje kampeni iliyoisha? Ni kama kununulia timu jezi baada ya kombe kutolewa. Huo ulikuwa ushauri wa Ho, na simsingizii mtu kwamba alipokea. Ila unaona akili iliyokuwa inatumika: tafuta jina lolote zuri, libandike juu ya pesa.

CEFC nayo ilitaka nini? Mafuta ya Uganda kwa jumla, miradi, na mashtaka yanataja hadi msaada wa Kutesa katika nia ya kampuni hiyo kununua benki. Ho pia aliahidi kugawana faida na familia za wakubwa hao katika biashara ya pamoja. Upande wa utetezi ulishikilia kwamba yote yalikuwa nia njema na misaada. Kutesa mwenyewe alikanusha kufanya kosa lolote. Desemba 5, 2018, jopo la raia wa kawaida waliokaa wakasikiliza kesi hiyo wakamkuta Ho na hatia katika makosa 7 kati ya 8, ya hongo na utakatishaji wa pesa. Machi 2019 akahukumiwa miaka 3 jela na faini ya dola 400,000.

Nimesema mlishike neno mchango. Acha niseme kwa nini linanikera. Hapa Tana River sisi tumelelewa na mchango. Shule imejengwa kwa mchango, mgonjwa kapelekwa Malindi kwa mchango, maiti kaletwa nyumbani kwa mchango. Ni neno la watu ambao hawana kitu lakini hawaachani. Kisha kila miaka mitano linakuja kuvaliwa na mtu mwingine. Mwanasiasa anakuja na bahasha, anasema ameleta mchango wake mdogo kwa kina mama, kwa vijana wa boda, kwa kwaya. Hakuna anayeita hongo. Hata mpokeaji haoni haya, manake kapewa neno safi la kujifunika. Nikisoma kwamba daktari wa macho kutoka Hong Kong naye alijua kutumia neno hilihili, tena katika nchi mbili tofauti za Afrika, nasema huyu alitusoma vizuri. Au pengine hakutusoma, ni mchezo wa dunia nzima na sisi tulidhani ni wetu peke yetu.

Turudi Beijing, kwa sababu swali kubwa ni nini hasa kilimwangusha Ye. Ukiniuliza, si Kampala. Kesi ya New York ilimwaibisha, jina la kampuni likaanza kunuka, benki zikaanza kukaza mfuko. Lakini watu wengi wamepakwa matope mbali na kwao na wakarudi nyumbani wakala chakula cha jioni. Ye hakurudi kwa sababu kwao kulikuwa kumebadilika.

Xi Jinping alichukua uongozi wa chama mwishoni mwa 2012 na kuanzisha vita dhidi ya ufisadi, akisema atapiga chui na nzi, wakubwa na wadogo. Ufisadi wenyewe ulikuwepo, sikatai, tena wa kutisha. Lakini tazama chui walioangushwa. Zhou Yongkang, aliyekuwa bwana wa mafuta kisha mkuu wa usalama wa nchi nzima, alifungwa maisha 2015. Mtandao wa watu wake katika sekta ya mafuta ukasafishwa naye. Kisha zikaja zamu za matajiri. Xiao Jianhua, bilionea aliyekuwa akishughulikia pesa za familia za wakubwa, alichukuliwa kutoka hoteli moja Hong Kong Januari 2017, na 2022 akahukumiwa miaka 13. Wu Xiaohui wa kampuni ya bima ya Anbang, mtu aliyewahi kuoa mjukuu wa Deng Xiaoping mwenyewe, alinyang'anywa kampuni Februari 2018 akafungwa miaka 18. Machi 1, 2018, jarida la Caixin likaandika kwamba Ye naye anachunguzwa. Siku kumi baadaye bunge la China likaondoa kikomo cha mihula ya urais.

Unaona mpangilio. Hawa wote walikuwa matajiri wa kukopa jina. Utajiri wao ulisimama juu ya mtu fulani aliye juu, na yule mtu akiteleza, au mshindani wake akipanda, tajiri anageuka ushahidi. Oktoba 2018, Wang Sanyun, aliyewahi kuwa kiongozi wa chama mkoa wa Gansu, alipandishwa kizimbani kwa hongo, na jina la Ye likatajwa kama mmoja wa waliotoa. Hu Huaibang, aliyekuwa mwenyekiti wa ile benki iliyomkopesha Ye, alifungwa maisha Januari 2021 kwa hongo za zaidi ya yuan milioni 85. Mkopeshaji kafungwa, mkingaji kafungwa, mkopaji katoweka. Ununuzi wa Rosneft ulivunjika Mei 2018. Mali za Cheki zilichukuliwa na kampuni ya serikali ya China, CITIC. CEFC yenyewe ilitangazwa muflisi 2020. Kampuni ya 222 duniani, miaka mitatu tu, kwisha.

Kuna watu watasema mimi natetea mafisadi. Hapana. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kuwa na hatia kweli na bado akawa ameangushwa kwa sababu nyingine. Sisi Wakenya hili si geni. Mara ngapi faili la mtu limelala miaka kumi, na siku anapogombana na mkubwa wake faili linaamka, kamera zinaletwa, anakamatwa Ijumaa jioni? Wizi ulikuwa ni uleule tangu mwanzo. Kilichobadilika ni urafiki. Na ndiyo maana mimi sipigi makofi haraka nikiona tajiri kafungwa pingu. Nauliza kwanza nani amepanda wiki hii.

Marekani nayo haikuachwa nje ya fitina. 2017, Ye alipokuwa anajaribu kuingia kule, watu wake walijenga uhusiano na Hunter Biden, mtoto wa aliyekuwa ametoka tu kwenye umakamu wa rais. Ye alimpa almasi, jambo ambalo Hunter mwenyewe alilieleza baadaye kwa jarida la The New Yorker akisema hakubaki nayo. Alilipwa dola milioni 1 kwa ajili ya uwakili wa Ho. Na Ho alipokamatwa, simu ya kwanza aliyopiga ilimfikia James Biden, ndugu yake Joe, ambaye alisema anaamini Ho alikuwa anamtafuta Hunter. Basi kutoka 2020 hadi 2024 CEFC ikawa jiwe la kurushiana kati ya vyama viwili vya Marekani. Kamati za bunge, ripoti, mahojiano, kelele. Mnashangaa? Mimi nilichokishangaa ni kwamba katika kelele zote hizo, miaka minne, Uganda ilitajwa kama mahali palipo kwenye ramani tu. Hakuna aliyeuliza benki gani ya Uganda ingenunuliwa na nani angepoteza akiba yake.

Kwa nini kijana wa Tarasaa ajali? Kwa sababu kaunti yetu ikitoka magazetini ni mambo mawili, mafuriko au mwekezaji. Mwaka wa 2008 iliandikwa kwamba Qatar ingepewa hekta 40,000 za delta ilime chakula chake. Mwaka huohuo mpango mkubwa wa mashamba ya miwa ulikuwa unatetewa na kupingwa mahakamani. Wakaja Wakanada na jatrofa, mafuta ya mimea, ajira kibao. Leo ukitoka hapa uende Garsen, sema wewe umeona kiwanda gani. Sisemi miradi hiyo ndiyo iliyoleta mauaji ya 2012 na mwanzo wa 2013, yaliyoua zaidi ya watu 100 katika delta hii. Vita vile vilikuwa na mizizi ya malisho, maji na siasa za uchaguzi. Lakini mkulima wa Kipokomo na mfugaji wa Kiorma wote walikuwa wameshasikia kwamba ardhi inahesabiwa mezani mahali ambapo wao hawajaalikwa, na watu wenye hofu ya ardhi hawalali vizuri.

Kila mmoja wa wawekezaji hao alipokuja tuliambiwa ana pesa ngapi. Hatukuambiwa pesa ni ya nani, imekopwa wapi, na ni nani kule kwao akianguka leo itabidi afunge virago kesho. Na sisi hatukuuliza, tuseme ukweli. Vikao vya baraza huitwa asubuhi, vijana wanasema hawana muda, wazee wanapewa soda, karatasi ya mahudhurio inatiwa sahihi na inageuka karatasi ya kukubali. Ye Jianming angekuja Tana River mwaka 2016, nambari 2 duniani, tungempokea kwa ngoma. Na kama angepewa hati ya ekari elfu kadhaa, leo hati ile ingekuwa imelala kwenye droo ya kampuni muflisi Shanghai, mwenye nayo haonekani, na sisi tunapigana wenyewe kwa wenyewe kuhusu nani alimruhusu.

Jambo moja la sheria, halafu niwaache. Watu huniuliza, kama Ho alikutwa na hatia ya kumhonga waziri, mbona waziri hakushtakiwa? Jibu ni kwamba sheria ya Marekani iliyomfunga Ho ilitungwa 1977 kumbana anayetoa hongo kwa afisa wa nchi ya nje. Anayepokea haikumgusa. Ni Desemba 2023 tu ndipo Marekani ilipopitisha sheria nyingine ya kumshtaki afisa wa nje anayedai hongo, na hiyo haikurudi nyuma kushika mambo ya 2016. Hata Ho mwenyewe, Mchina wa Hong Kong aliyekuwa akituma pesa kwenda Uganda, alinaswa kwa sababu shirika lake lilikuwa na ofisi Marekani, mipango mingine ilifanyikia pale Umoja wa Mataifa, na zile dola zilipitia benki za New York. Zingepita njia nyingine, huenda mimi na wewe tusingejua lolote.

Kwa hiyo anayepokea ni kazi ya nchi yake. Na Uganda ilikuwa inamjua mtu wake. Bunge la Uganda lilishampigia Kutesa kura ya kutokuwa na imani naye tangu 1999, akatoka uwaziri, akarudi. Mwanawe ameolewa na Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa rais. Huko Beijing tajiri alianguka kwa sababu waliokuwa wamemshika mkono waliondoka. Kampala aliyeshika mkono hajaondoka tangu 1986.

Ho alimaliza kifungo akarudi Hong Kong Juni 2020. Kutesa alibaki Waziri wa Mambo ya Nje wakati kesi inaendelea, akabaki baada ya hukumu, akaenda na kurudi kwenye mikutano ya kimataifa kama kawaida. Alitoka wizarani Juni 2021, katika mabadiliko ya kawaida ya baraza la mawaziri baada ya uchaguzi, na nafasi yake akapewa Jenerali Jeje Odongo. Kuhusu zile dola 500,000, hakupandishwa kizimbani katika mahakama yoyote ya Uganda.